Vibao Vinne vya Babu

9 Januari

Mke mwenzangu Chiriku,

Hujambo huko kwenye maghorofa yako? Sisi tupo. Tunakula, tunapumua, tunagombana kidogo, yaani tu wazima. Skafu uliyotuma imefika. Naivaa hata ndani ya nyumba, na babu yako ameshaniuliza mara mbili kama nina safari. Bomba la jikoni limetengenezwa hatimaye. Jirani yetu mkunga amestaafu mwezi uliopita, na kwa kuwa sasa hana mtoto wa kumpokea, kila asubuhi anakuja kutupokea sisi na maswali yake. Paka wa nyumba ya nyuma amezaa kwenye kapu langu la nguo. Watoto wanne. Sijamfukuza.

Unajua kwa nini nakuandikia badala ya kukupigia. Nikishika simu tu, mume wetu anakuja anakaa ubavuni, na kila nikisema "yeye" anadakia, "Yeye nani? Mnanisengenya?" Sasa utasema nini mbele ya mtu mwenyewe? Nakusomea hali ya hewa, na wewe unanisomea ya kwako, tunaagana.

Basi, babu yako hajambo. Mwili wake una nguvu kuliko wangu. Daktari alisema huo ugonjwa wa kusahau unakwenda polepole, na ni kweli, ila siku hizi anapenda kutembea. Alitembea Jumanne. Alitembea Alhamisi. Jumamosi alirudishwa na mama mmoja muuza mboga ambaye simjui hata kwa sura. Viatu alikuwa amevaa, namshukuru Mungu, ingawa kimoja kilikuwa changu. Nimenunua kufuli la mlango. Usianze kuwaza. Nakuambia tu kwa kuwa uliniomba nisikufiche.

Na usipige simu jioni, saa kumi na moja. Wakati huo ana mambo yake.

Bibi yako


28 Januari

Shikamoo Bibi,

Na shikamoo mume wangu, kama anasomewa barua hii, ingawa najua hasomewi.

Mimi mzima. Wiki hii tumebadilisha kamba za lifti kwenye jengo la ghorofa kumi na nne. Ni kamba za chuma, na mikono yangu inanuka grisi hata nikioga mara mbili. Msimamizi wangu anasema hajawahi kuona fundi anayeongea na lifti kama mimi. Nikamwambia nimelelewa na mwanamke aliyekaa kwenye ubao wa simu wa hospitali miaka thelathini akiwaunganisha watu, kwa hiyo kuongea na waya ni urithi wa ukoo. Wasalimie watoto wa paka.

Sasa hilo neno lako "kutembea". Kila ulipoliandika umekandamiza kalamu mpaka nimeligusa kwa nyuma ya karatasi. Mtu anayetembea tu harudishwi na muuza mboga.

Nimetuma kifurushi. Ndani kuna saa ya mkononi. Ni ya Babu. Akiivaa, simu yako na yangu zinaonyesha kwenye ramani mahali alipo, kama kidoti cha buluu. Akivuka barabara kubwa, zote mbili zinalia. Kuna na kidude cheupe cha kubandika juu ya mlango. Mlango ukifunguka, kinapiga kengele, ili ukiwa uani usikie. Mkunga anajua simu kuliko sisi sote, atakuunganishia. Nimeandika maelezo kwenye karatasi ya njano kwa herufi kubwa.

Tafadhali mwambie Babu ukweli, kwamba saa hiyo ni ya kutusaidia kumpata. Sitaki avishwe kitu asichokijua.

Likizo yangu ya Aprili imefutwa, kazi zimebanana. Sitaweza kuja.

Mjukuu wako,
Chiriku


20 Februari

Chiriku mke mwenzangu,

Marahaba, na asante, na asante tena. Kifurushi kimefika kizima. Mdogo wangu anakusalimu, mguu wake umepona, anadai nimtembelee, nami namwambia nitakwenda. Watoto wa paka wamefungua macho.

Nilimwambia babu yako ukweli kama ulivyotaka. Nikasema, "Baba, hii saa ni ya kutusaidia kukupata." Akaigeuza, akaitazama, akanirudishia. "Mimi si mbuzi wa kufungwa kengele." Ikakaa mezani siku sita. Siku ya saba akaishika mwenyewe, akasema mkanda wake ni mbaya, hauna mkono wa fundi. Akatoa kopo lake la rangi nyekundu na ile brashi nyembamba kama unywele, akapitisha mstari kuzunguka mkanda wote. Mkono haukutikisika, mwanangu! Mtu asiyekumbuka kama amekunywa chai, lakini mstari ule ungesema umepigwa kwa rula. Ilipokauka akaivaa, maana fundi hawezi kuacha kazi yake ikizagaa mezani. Hajaivua tangu siku ile, isipokuwa mkunga anapoichaji asubuhi wakati wa kunyoa ndevu.

Kengele ya mlango nayo ina vituko vyake. Kila ikilia, hata akiwa yeye ndiye aliyefungua, anageuka na kusema "Karibu!" kwa sauti ya dukani. Jana alijikaribisha mara nane. Mimi na mkunga tulicheka mpaka tukashikana mabega, naye akacheka pamoja nasi bila kujua sababu.

Akitoka, tunakifuata kidoti chetu cha buluu, tunampata, tunamrudisha. Zamani nilikuwa nazunguka mitaa mitatu nikiuliza watu. Huwezi kujua umenipunguzia nini.

Kazi zibanane tu. Ndiyo maisha. Sitakuuliza zaidi.

Bibi yako


11 Machi

Shikamoo Bibi,

Nisamehe, leo salamu zangu ni fupi. Mimi mzima, kazi nzima, na msalimie mdogo wako.

Tarehe tano saa tano asubuhi nilikuwa chini kabisa ya shimo la lifti, mahali ambapo mtandao haufiki. Nilipopanda juu, simu ikaanza kulia kama imekasirika. Tahadhari tisa. Ya kwanza ilikuwa imeshatimiza dakika arobaini. Nikakupigia. Hupokei. Mara nne, hupokei. Nikampigia mkunga, nikamwambia, "Mama, Babu yuko ng'ambo ya barabara kubwa, mbele ya kinyozi wa karibu na kituo cha mafuta. Amesimama. Hasogei." Akasema, "Nakimbia, usikate." Nikasikia ndala zake zikipiga lami, nikasikia magari, pumzi zake, halafu nikasikia sauti ya Babu, tulivu kabisa: "Hii Z imefifia." Basi. Nilikaa juu ya sanduku la vifaa nikalia, na msimamizi wangu akajifanya anatafuta spana.

Tangu siku hiyo nimefungua njia zake zote za wiki tatu. Saa inazihifadhi. Bibi, haendi ovyo. Vituo ni vilevile vinne: kinyozi, duka la dawa, karakana ya baiskeli, na ukuta wa shule ya msingi. Mmemkatiza njiani mara nyingi, lakini mkiziunganisha njia zake zote zinaelekea huko. Na akifika anasimama dakika tano, wakati mwingine kumi. Mtu aliyepotea hasimami hivyo. Huko kuna nini?

Na wewe ulikuwa wapi? Nilimuuliza mkunga, akasema "alikuwa na shughuli kidogo". Mkunga tangu lini akawa mtu wa maneno machache?

Chiriku


30 Machi

Mpendwa mke mwenzangu,

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni mkunga, mimi nasema tu, miwani yangu imevunjika. Tumepata mvua nzuri. Watoto wa paka wamegawanywa kwa majirani, mmoja amebaki, babu yako amekataa kumtoa.

Nilisoma barua yako nikapiga goti langu kwa kofi. Mtoto uliyelelewa kwenye harufu ya rangi, hukuelewa? Kinyozi, dawa, baiskeli, shule. Vibao! Vyote vinne aliviandika yeye. Cha shule alikiandika mwaka uliozaliwa wewe, akawa anakuja nyumbani mchana kukubusu na rangi kwenye nywele. Vibao vingine vyote alivyoandika mji huu vimeng'olewa, siku hizi wanaweka vile vya plastiki vinavyowaka. Vimebaki hivi vinne tu, na mume wetu anakwenda kuvikagua. Sisi tunamkimbiza kama mwizi wa kuku, kumbe mzee yuko kazini!

Basi nikaamua simzuii tena, namsindikiza. Jumatatu na Ijumaa, baada ya chai, tunatoka mkono kwa mkono. Tunasimama kila kibao. Anaeleza, mimi nasikiliza. Mwenye duka la dawa alitoka nje akauliza kulikoni, nikamwambia huyu ndiye aliyeandika jina la duka lako. Akamshika mikono yote miwili! Akasema baba yake alikuwa akimtaja. Kinyozi anamwekea kiti kivulini. Wote wanne sasa wana namba ya mkunga, na mkunga amewapa namba yako, kwa hiyo usishtuke ukipigiwa na fundi baiskeli.

Akirudi anakula, analala mchana vizuri, na zile hasira zake za saa kumi na moja jioni zimepungua zaidi ya nusu. Mimi ningekaa naye miaka kumi nisilijue hili. Wewe umeliona kutoka huko uliko. Ubarikiwe, mjukuu wangu.

Bibi yako

Mimi mkunga naongeza hapa chini ambayo sikuambiwa niandike. Miwani yake ni mizima, ameivaa. Kilichoungua ni mkono wa kulia. Tarehe tano alifunga mlango kwa kufuli kwa nje akatoka. Babu yako akawasha jiko, akaweka kopo la rangi lichemke. Bibi aliporudi alikuta moshi umejaa, akalitoa kopo kwa mkono mtupu. Katika purukushani hiyo mzee akapita mlangoni akaenda zake. Mkono unapona, naufunga mwenyewe kila siku, usiwe na hofu ya kidonda. Kuwa na hofu juu yake mwenyewe. Amechoka, mwanangu. Amechoka sana na hasemi.


14 Aprili

Shikamoo Bibi,

Usimgombeze mkunga. Nimekasirika nusu siku, nikaenda kazini, nikarudi, hasira imeisha, imebaki aibu. Tena aibu yenyewe ni yangu.

Likizo haikufutwa. Sikuiomba.

Unakumbuka nilipokuja mara ya mwisho, miaka miwili iliyopita, wageni walipojaa sebuleni kunipongeza kwa kupata cheti cha ufundi. Babu alisimama katikati yao akaninyooshea kidole. "Huyu ameniibia brashi zangu tano. Ameziuza." Nikacheka, nikidhani ni utani wetu. Akarudia, na safari hii akaniita mwizi mara tatu, na macho yake hayakuwa ya utani. Wewe ulimshika ukampeleka chumbani. Mimi nikasema nimeitwa kazini, nikaondoka siku mbili kabla ya likizo kuisha. Hatujawahi kulitaja jambo hilo, mimi na wewe. Tumeandikiana kuhusu paka.

Nilituma mashine, Bibi, kwa sababu mashine haiitwi mwizi. Najua ugonjwa ndio uliosema. Najua kabisa. Lakini yule alikuwa Babu, aliyenifundisha kushika brashi kabla ya kushika kijiko, na nilipoondoka hakuuliza ninakwenda wapi.

Nimeshaomba likizo ya Julai, wiki tatu. Imekubaliwa, barua ya ofisi ninayo mkononi.

Hadi wakati huo nina ombi moja. Kuna muuguzi anayeongoza kikundi cha watu wanaolea wagonjwa kama Babu. Wanakutana kwenye simu kila Jumatano, saa nne asubuhi. Hakuna picha, ni sauti tu, na hakuna anayelazimishwa kusema jina. Siku nyingine zote unaweza kumwachia muuguzi swali kwa sauti naye akakujibu siku hiyohiyo. Mkunga amekubali kukaa na Babu saa hiyo. Usinijibu kwamba huna muda. Kaa na simu mara moja tu, halafu ukatae.

Nisamehe.

Chiriku


6 Mei

Mjukuu wangu,

Mwandiko ni wangu sasa, umepinda kama mimi. Mkono umepona, ngozi mpya ni laini, babu yako anasema ni mkono wa bibi harusi. Mdogo wangu hajambo. Paka aliyebaki amepewa jina la Msimamizi, analala juu ya makopo.

Nitaanza na brashi. Brashi zile zilikuwa kwenye debe la unga. Alizificha mwenyewe, zimefungwa vizuri kwa gazeti. Nilizikuta wiki sita baada ya wewe kuondoka. Nilikaa jikoni nazo mapajani muda mrefu. Ningekuandikia siku ileile, ungepona. Sikuandika, kwa sababu kuandika kungekuwa kukiri kwamba mume wangu anaumwa, na wakati ule nilikuwa bado nasema anazeeka tu. Nikaziosha nikazirudisha kwenye kopo lake, nikanyamaza. Miaka miwili umebeba jina ambalo mimi ningelikutua kwa mstari mmoja. Ukiomba msamaha wewe, mimi niombe nini? Nisamehe, mwanangu.

La pili ni Jumatano. Nilikaa na simu, nikiwa nimejiandaa kukataa. Miaka thelathini nimeunganisha watu waongee, wenye vifo, wenye watoto wapya, wenye kusubiri majibu ya madaktari, na kazi yangu ilikuwa kuchomeka waya na kutoka. Kusikiliza hakukuruhusiwa, sembuse kusema. Nikajikuta kwenye laini na watu kumi na mmoja, na muuguzi anauliza, "Kuna mgeni leo. Ungependa kusema, mama, au ungependa kusikiliza tu?"

Nikasema. Sijui nilipata wapi. Nikawaambia kitu ambacho hata mkunga hakijui. Tarehe tano sikuwa na shughuli. Nilifunga kufuli, nikaenda kukaa kwenye benchi la kituo cha basi. Sikuwa nasubiri basi. Nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayeniita. Nilikaa saa nzima na dakika kumi, na ilikuwa raha, Chiriku, ndiyo maana sikuweza kukuambia. Nilikuwa na raha wakati nyumba inafuka moshi.

Nikadhani simu imekatika. Halafu mwanamume mmoja, fundi mwashi, mkewe ndiye mgonjwa, akasema, "Mimi hujifungia chooni. Nachukua gazeti la mwaka juzi." Mwanamke mwingine akasema yeye hupanga foleni ya benki, akikaribia dirisha anarudi nyuma ya mstari. Tukacheka! Watu kumi na wawili tusiojuana, tukacheka mpaka muuguzi akashindwa kuendelea.

Halafu akanieleza taratibu. Kwamba kuchoka si kosa, ila kufuli la nje ni hatari, nilitoe. Nimeshalitoa, na jiko tumeliwekea valvu ya kufungia gesi ninayobaki na ufunguo wake. Kwamba akiuliza kitu mara kumi, anatafuta utulivu kuliko jibu. Kwamba niwe na nusu siku yangu kila wiki, si kwa kuiba, kwa ratiba. Mkunga ameipokea Jumamosi. Mwenye duka la dawa ameomba Jumanne moja moja, mzee akakae naye dukani apange vichupa kwa rangi.

Njoo Julai. Huenda asikujue. Nakuambia sasa ili usije ukalisikia mlangoni. Lakini njoo.

Bibi yako anayekupenda


2 Agosti

Shikamoo Bibi,

Nimefika salama, begi zima, na chakula ulichofunga nilikimaliza nusu ya njia. Msimamizi, yule wa binadamu, amefurahi kusikia kuna paka mwenye cheo chake.

Sikuweza kusema kituoni, kwa hiyo nasema hapa. Asante kwa kwenda kwa mdogo wako siku nne na kuniachia Babu. Nilidhani nakupa zawadi, kumbe nilipewa mimi. Bibi, siku ni ndefu! Siku ya kwanza aliniuliza mara kumi na saba kama mvua itanyesha. Nilihesabu mpaka hapo nikaacha. Saa tisa alasiri nilijikuta nimesimama uani nikitazama ukuta, nikakumbuka benchi lako, nikaelewa kwa mwili kile ambacho nilikuwa nakielewa kwa barua. Nikamtumia muuguzi sauti: "Anataka kwenda nyumbani, na tuko nyumbani." Akajibu kabla chai haijapoa: "Usimbishie. Muulize nyumbani kukoje." Nikamuuliza. Akanisimulia nyumba yenye mlango wa kijani na mama anayechambua maharage kizingitini, na tukakaa huko sote wawili mpaka jua likashuka. Sikuwahi kujua mama yake alikuwa anaimba.

Nilipofika mlangoni siku ya kwanza ya likizo, Babu aliniangalia akasema, "Wewe ndiye kibarua mpya?" Ulinitazama, ukaogopa kwa niaba yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Nikasema ndiyo, mzee. Akaniuliza, "Unajua kushika ngazi?" Nikasema hiyo ndiyo kazi yangu hasa.

Na nilishika. Ile asubuhi ya kinyozi, wewe ukiwa kwa mdogo wako, kinyozi alitupa ngazi fupi ya vidaraja vitatu, mimi nikaikumbatia ngazi na miguu yake pamoja. Akaipaka upya ile Z. Ilimchukua karibu saa nzima. Wateja walitoka na mashuka shingoni kumtazama. Aliposhuka akanipa brashi, akasema, "Safisha vizuri, usiibane nywele zake." Aliniamini na brashi yake, Bibi. Hakujua mimi ni nani, na aliniamini.

Sina deni tena na sebule ile nilikoitwa mwizi.

Januari nitakuja tena. Safari hii siahidi, nimeshajaza fomu.

Chiriku


21 Agosti

Mke mwenzangu, mjukuu wangu, kibarua wetu,

Tumepokea barua, tumeshukuru. Mdogo wangu bado anasimulia zile siku nne, anadai nililala mbili kati yake. Mkunga amejiandikisha darasa la kushona, analaani sindano kila Alhamisi. Kwenye simu ya Jumatano muuguzi ameniomba niwe ninawapokea wageni, niwaulize kama wanataka kusema au kusikiliza. Wiki iliyopita alikuja kijana wa sauti ndogo anayemlea mama yake. Hakusema neno, alipumua tu. Nikamwambia kupumua kunatosha.

Babu yako amepungua tangu uondoke. Sikufichi tena. Hatembei mbali, tunaishia duka la dawa tu, na vifungo vya shati anavitazama kama vimeandikwa kwa lugha ya kigeni. Daktari amemwona, hakuna maumivu, anakula. Nina nusu siku zangu na watu wangu wa Jumatano, na mikono yangu mizima. Naweza.

Ila nimekuandikia leo kwa ajili ya jana asubuhi. Tulikuwa mezani. Alikuwa ameshika kikombe, hanywi, anatazama kile kiti ulichokuwa unakalia. Akasema, "Yule msichana hayupo."

Nikasema, "Ameondoka. Amerudi kazini kwake."

"Alikuwa ananishika miguu nisianguke."

"Ndiyo, alikushika."

Akafikiri. Nikamwacha afikiri, sikumharakisha. Akauliza, "Ni mtoto wa nani?"

"Wetu, Baba. Tulimlea mimi na wewe, hapahapa."

Akanitazama kama mtu aliyepewa habari njema asiyoitarajia. Kisha akainua kikombe.

"Basi tulifanya kazi nzuri," akasema, akanywa chai yake yote.

Leo asubuhi hakulikumbuka. Kwa hiyo nalikabidhi kwako, likae kwa mtu mwenye kumbukumbu.

Bibi yako